Mstari wa Alhamisi

Taa ya kifuani kwa mzee Ambakisye Mwaisaka iligeuka njano Jumatatu asubuhi, akiwa anakunywa uji. Binti yake ndiye aliyeiona ikipenya kwenye shati. Njano maana yake zimebaki siku nne. Baada ya njano inakuja nyekundu, ambayo hukaa saa moja tu, na baada ya nyekundu hakuna rangi tena.

Saa sita mchana binti huyo, Atupele, alikuwa kwenye dirisha la kituo cha mizigo, mvua inamchuruzika, na hakusalimia. Tukuyu mtu asiposalimia ujue ametoka kwenye msiba au anakuletea.

"Mama, fungua kitabu," alisema. "Alhamisi iliyopita."

Karani wa kituo, Sekela Mwambungu, hakuuliza kitabu gani. Alikuwa na miaka hamsini na sita, ulimi mwepesi, na kitabu kimoja tu: daftari nene la nakala tatu, nyeupe, pinki na njano, zenye kaboni katikati. Alilifungua taratibu, kama anayejua kabisa nini hakimo humo. Alhamisi ilikuwa na mistari kumi na mmoja iliyojazwa. Wa kumi na mbili ulikuwa mtupu.

Kilichotokea Alhamisi ni hiki. Siku hizi mizigo ya maduka ya mtandaoni inaletwa na punda, na punda wenyewe ni mashine: miguu minne, tumbo la bati, na mkono mmoja unaochomoza kifuani. Wa kwanza waliletwa bubu. Walisimama milangoni bila neno, watu wakawapiga mawe, maana kiumbe kinachosimama mlangoni kwako kimya hakijaja kwa heri. Kampuni ikajifunza. Punda waliofuata walifundishwa kusema shikamoo na kunyoosha mkono. Tangu hapo mawe yaliisha, yakaja mabaya zaidi: watu wakaanza kuwaitikia.

Kiganja kikishaugusa mkono wa punda, punda anasoma mistari yake, joto lake na mapigo ya damu, kisha anapiga muhuri: mzigo umepokelewa, na nani, wapi, sekunde ya ngapi. Hapo ndipo tumbo linafunguka, kwa sekunde kumi na mbili. Mtu aliyezoea anatumbukiza mkono na kuchukua chake. Mzee Ambakisye aliamkiwa, akaushika mkono, akasema marahaba mwanangu, akageuka kuingia ndani kumtafutia mgeni kigoda. Angefanyaje? Mtu akuamkie halafu umwache amesimama kwenye mvua? Aliporudi na kigoda chake, mgeni alikuwa ameshapinda kona.

Betri mpya ya moyo wake wa pampu, ndiyo iliyokuwa mzigo wenyewe, iliondoka humohumo tumboni hadi kituo kikuu cha Mbeya. Huko ilikutana na jambo ambalo wataalamu hawakulifikiria: mzigo ambao umeshapokelewa hauwezi kuwa ndani ya punda. Kumbukumbu zinasema haupo. Na kisichokuwepo hakirudishwi dukani wala hakiandikiwi barua, kinahesabiwa uchafu na kupelekwa kwenye kinu cha kusaga. Sekela alilijua hilo kwa sababu aliona uzito. Ijumaa alisoma kwamba punda yule alirudi Mbeya na kilo moja na robo zisizo na jina. Alipopiga simu Mbeya kuuliza, walimwambia ni tope. Kweli, Tukuyu tope lipo, lakini halikai ndani ya tumbo lililofungwa.

Betri za namna hiyo ni moja kwa mtu kwa mwaka. Duka haliruhusiwi kumuuzia ya pili mpaka muhuri wa kwanza ufutwe, na hospitali nayo huagiza dukani hapohapo. Na muhuri haufutwi kwa maneno. Kifungu cha kumi na tisa cha Sheria ya Mapokezi kinasema muhuri wa kiganja ni ushahidi kamili, na hakuna kinachoushinda isipokuwa karatasi iliyoandikwa siku ileile, yenye mkono wa karani na kidole cha mwenye mzigo. Karatasi ilibakizwa kwenye sheria kwa ajili ya milima kama hii, ambako mawasiliano hukatika wiki nzima mvua ikiamua.

"Baba alikuja hapa siku ileile," alisema Atupele. "Saa kumi. Alikwambia hajapewa kitu."

"Alikuja."

"Na hukuandika."

Sekela aliutazama mstari mtupu. Alhamisi saa kumi alikuwa ameshavaa koti. Foleni ilikuwa ya watu saba, nyumbani ameacha maharage jikoni, na kioo mbele yake kilikuwa kimeandika kwa kijani: IMEPOKELEWA. Alikiangalia kioo, akamwangalia mzee, akaamini kioo. Tena hakuamini kimyakimya. Alimtupia mzee neno la kuchekesha, foleni ikacheka, mzee naye akacheka kidogo akaenda zake.

Atupele aliinama dirishani mpaka paji la uso likagusa vyuma. Alieleza haraka, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekariri njiani. Barabara ya magari ya Mbeya, ambayo punda hawaihitaji, ilikuwa imekatika tangu Jumatano iliyopita hadi asubuhi hii, kwa hiyo nakala za pinki hazijachukuliwa na watu wa baraza linalosikiliza kesi za mizigo. Nakala zote tatu za mstari mtupu ziko palepale, pamoja na kaboni yake. Kesi za taa ya njano husikilizwa siku hiyohiyo, na ya baba yake ni saa tisa. Asichoomba ni uongo. Baba alikuja kweli, alisema kweli, betri hakupewa kweli. Kinachokosekana ni wino.

"Nakuomba uandike kilichotokea," alisema. "Basi."

"Kwa tarehe ya Alhamisi."

"Kwani kilitokea lini?"

Sekela aliangalia pembeni. Hesabu yake ya kichwani ilikuwa na upande wa pili ambao Atupele hakuujua, na Sekela hakumwambia. Kila karani anaufundishwa wiki ya kwanza, na kila karani anajitahidi kuusahau. Ni kifungu cha ishirini na tatu: malalamiko yaliyokataliwa na karani yatahesabiwa yameandikwa, na hasara ya mzigo itamhamia karani. Yaani akisimama barazani na kusema, mzee alikuja nami nikamfukuza, hakimu anaweza kumfungulia mzee njia. Anaweza, si lazima. Akiona ni mpango wa majirani, anafunga jalada na mzee anakwenda na taa yake. Na hata akikubali, karani anafungiwa kiganja miaka miwili.

Kufungiwa kiganja si jela, ila jela angalau wanakuletea chakula. Duka la mwisho la kaunta Tukuyu lilishafungwa, jengo lake sasa ni kanisa. Chumvi, dawa, mafuta ya taa ya dharura, nguo ya ndani, vyote vinakuja na punda, na punda hafungulii tumbo kiganja kilichofungwa. Utamtuma jirani akupokelee sabuni, na jirani atajua unaogea sabuni gani.

Kwa hiyo njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa mstari mmoja wa uongo wa tarehe, ambao karibu kwa hakika ungempa mzee betri na kumwacha Sekela na mkono wake. Ya pili ilikuwa ukweli mtupu, ambao ungemfunga Sekela kwa hakika na kumwokoa mzee labda. Mtu yeyote mwenye akili angesema ya kwanza ndiyo ya huruma. Sekela alikuwa na akili.

Alichukua kalamu ya Alhamisi, ya bluu inayokwaruza, akaandika: *Mwaisaka, Ambakisye. Betri ya moyo, moja. Mwenye mzigo anasema hakukabidhiwa. Saa 10:10 jioni.* Akasaini.

"Mlete baba yako aweke kidole," alisema.

*

Mzee alifika saa nane na nusu akiwa amevaa koti la suti juu ya shati lake, taa ya njano inapepesa chini ya kitambaa. Alikuwa fundi wa mashine za kukaushia chai maisha yake yote, mrefu, mpole, mtu wa kumpisha hata kuku njiani. Sekela alimwamkia. Aliitikia, akauliza habari za nyumbani, za maharage, za mguu wa dada yake Sekela aliyekuwa Kyela. Aliuliza zote, na kwa kila moja alisubiri jibu.

Kisha aliinama kwenye kitabu akasoma mstari ule kidole kikifuata maneno.

"Hapa panasema uliandika siku ile."

"Ndivyo panavyosema, mzee."

Atupele alikuwa amemshika kiwiko.

"Umeandika vizuri," alisema mzee, akabonyeza kidole gumba kwenye kidau cha wino wa zambarau, halafu kwenye karatasi. Aliomba kitambaa cha kujifutia. Sekela alitafuta, hakupata, wakachelewa, wakaondoka.

*

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa ofisi ya kata. Hakimu wa mzunguko aliitwa Rukia Nandonde, mwanamke mfupi aliyevaa sweta mbili na kuichukia baridi ya Rungwe waziwazi. Wakili wa kampuni, Lyatuu, alikuwa kwenye kioo ukutani, kichwa kikubwa kuliko cha mtu, amenyoa vizuri.

Wakili alianza na muhuri. Aliuonyesha wote: mistari ya kiganja cha mzee, joto la nyuzi thelathini na tatu, mapigo sitini kwa dakika yasiyobadilika, kama yalivyo mapigo ya pampu, na mahali, mlangoni kwake hasa, Alhamisi saa nne na dakika saba asubuhi. Alieleza kwa upole kwamba mashine hiyo imepiga mihuri milioni tisa na haijawahi kukosea. Hakusema imejuaje kwamba haijawahi kukosea, na hakuna aliyemuuliza.

Hakimu aliomba karatasi. Sekela alipeleka kitabu mezani mwenyewe. Hakimu aliugeuza ukurasa, akapapasa nyuma yake alama za kalamu, akainua kaboni, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Sekela alirudi kukaa na kwa mara ya kwanza tangu saa sita alivuta pumzi hadi chini.

"Sina pingamizi na karatasi," alisema wakili. "Naomba tu mwenye kidole aape kwamba alikiweka Alhamisi."

Hakimu alimwita mzee mbele. Mzee alisimama, akafunga kifungo cha koti, akainua mkono wa kulia.

Kidole gumba kilikuwa cha zambarau.

Si kidogo. Kilikuwa kimelowa wino hadi kwenye kiungo, kinang'aa, kama kilichotoka kidauni saa hiyo. Sekela alikiona kabla ya wote kwa sababu yeye ndiye aliyekosa kitambaa. Hakimu alikuwa bado anatafuta miwani. Kichwa cha ukutani kilikuwa kinasoma kitu pembeni.

Uongo wa kutosha Sekela alikuwa nao. Angeweza kusema mzee amepitia kuweka kidole kwenye daftari la pensheni asubuhi. Angesema kwa kicheko, na watu wa Tukuyu walikuwa wamezoea kucheka akisema. Alishafungua mdomo. Halafu akauona uso wa mzee. Hakuwa na hofu, alikuwa na aibu, aibu ya mtu anayeombwa avue nguo mbele za watu na hataki kumuudhi aliyemwomba. Alikuwa anakwenda kuapa uongo akiwa amebakiwa na siku nne, na alikuwa anafanya hivyo kwa adabu, kwa sababu mwanawe amemwomba na jirani yake ameshaandika.

Na mstari ule haukuwa wa mzee. Mzee alikuwa na kifungu cha ishirini na tatu tangu Alhamisi alipofukuzwa. Mstari ulikuwa wa Sekela.

"Mheshimiwa, usimwapishe," alisema akasimama. "Mstari huo nimeuandika leo saa sita na nusu. Kidole amekiweka leo. Alhamisi alikuja kweli, akanieleza, nikakataa kuandika. Naomba kifungu cha ishirini na tatu."

Atupele, nyuma, alitoa sauti ndogo kama aliyekanyagwa.

Cha ajabu, wakili hakukasirika. Aliomba dakika moja, akazima sauti, akaonekana akiongea na mtu, akarudi na uso wa heri. Kampuni haina ugomvi na kifungu hicho, alisema. Kama hasara imemhamia karani, basi mashine haijakosea na muhuri unabaki mzima. Kampuni ilitaka hilo tu. Nani anabeba hasara, na nani anakwenda na taa ya njano, hayo ilimwachia baraza.

Hakimu hakuwa rahisi hivyo. Alivua miwani.

"Umekuja hapa na uongo mkononi," alimwambia Sekela. "Saa tisa ulikuwa mwongo. Saa tisa na robo nikuamini kwa lipi?"

"Saa tisa nilikuwa najiokoa mimi."

"Au sasa unamwokoa jirani. Alhamisi inawezekana hakuja kabisa. Mmekaa mkapanga, mpango wa kwanza umeharibika, mmetoa wa pili."

Watu saba wa foleni wangeweza kuletwa, lakini walitoka kata tatu, njia za huko bado zimekatika, na hakimu alikuwa anaondoka jioni ile. Kesi ikiahirishwa ni wiki mbili.

Hakimu aliandika kitu, akafikiri, akaamua. Karani atoke nje. Mzee atasema karani alimwambia maneno gani hasa Alhamisi saa kumi. Kisha karani ataingia na kusema yeye. Yakilingana, kifungu kitatumika. Yasipolingana, jalada litafungwa.

Sekela alisimama kwenye korido, mgongo ukutani, mlango mzito umefungwa. Mvua ilipiga bati hivi kwamba hata angetaka kusikiliza asingesikia. Na hapo ndipo alipoogopa kweli.

Alimjua mzee. Huyu ni mtu aliyemtafutia mashine kigoda. Katika miaka yote ya ujirani Sekela hakuwahi kumsikia akirudia neno baya la mtu mbele ya mwenyewe wala nyuma yake. Ukimkanyaga anakuuliza kama umeumia mguu. Sasa anaulizwa na hakimu, mbele ya ukumbi mzima na kichwa cha wakili, jirani yako alikwambia nini? Atasema nini mtu wa namna hiyo? Atasema, aliniambia vizuri tu, mheshimiwa. Aliniambia nirudi Jumatatu. Atausafisha mdomo wa Sekela kwa maji safi, na maji hayo yatamuua.

Basi, Sekela afanye nini akiingia? Akisema ukweli, na mzee amesema alivyozoea, hayatalingana. Akisema alivyodhani mzee amesema, rudi Jumatatu, yangeweza kulingana, na mzee akapona kwa uongo mmoja mwingine, mdogo, wa adabu. Alijaribu kuisikia sauti ya mzee ndani ya ukuta. Alijaribu kumkumbuka alivyoonekana Alhamisi, akakuta hakumwangalia vya kutosha. Alikuwa anaiangalia foleni, kuona nani anacheka.

Mlango ulifunguliwa. Mzee alikuwa ameketi, ameinamisha kichwa, mikono kati ya magoti. Hakumwangalia. Hakimu alikuwa amegeuza karatasi yake kifudifudi.

"Sema ulichomwambia," alisema hakimu. "Usipambe."

Sekela alijua maneno yote mawili, la kweli na la adabu, na yote yalikuwa tayari mdomoni. Alimwangalia mzee mara ya mwisho. Kutoka kwenye kichwa kilichoinama hakupata hata herufi.

"Nilimwambia," alisema, "mzee Ambakisye, mashine haijui kusahau, wewe ndiye unayejua. Katafute chini ya mto. Na usipoiona chini ya mto, basi umeila na ndizi."

Hakuna aliyecheka. Hakimu aligeuza karatasi, akaisoma kwa macho, polepole, kidole kikishuka.

"Halafu?"

"Foleni ikacheka. Nami nikacheka. Nikafunga dirisha."

"Dirisha ulilifunga kabla hajaondoka au baada?"

"Kabla. Alikuwa bado ameshika vyuma."

Hakimu aliiweka karatasi chini.

"Ndivyo alivyosema," alisema. "Mpaka vyuma. Imenichukua muda mrefu kumtoa maneno hayo, na alinisihi nisiyaandike."

Uamuzi ulisomwa kwa dakika mbili. Malalamiko ya Alhamisi yahesabiwe yameandikwa. Muhuri ubaki, jina la mpokeaji libadilishwe, hasara imhamie karani. Betri nyingine iletwe kabla ya Alhamisi jua kuzama, kwa gari na kwa mkono wa mtu, apewe mzee mwenyewe naye asaini. Kwa kukataa kuandika, kiganja cha Sekela Mwambungu kifungwe miaka miwili kuanzia saa hii. Kwa mstari wa uongo, akabidhi kitabu na kalamu. Msaidizi wa hakimu alileta kibao cha kioo, Sekela akaweka mkono juu yake, na mwanga wa kijani uliokuwa chini ya vidole vyake ukazimika. Hakusikia chochote. Alitegemea angalau kingewasha.

Nje mvua ilikuwa imepungua. Atupele alipita karibu naye, akaenda kutafuta usafiri. Alikuwa na hasira na shukrani kwa pamoja na hakujua aanze na ipi. Mzee Ambakisye alibaki kwenye ngazi za ofisi ya kata, amesimama ngazi moja chini ya Sekela, kofia mkononi, taa inapepesa shatini kama kawaida.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nimekusema vibaya mbele za watu."

Sekela alitafuta neno la kuchekesha la kumjibu. Alitafuta kwa bidii, kwa sababu mzee alikuwa anasubiri jibu, na alikuwa na desturi ya kusubiri. Mwisho akashuka ngazi ile moja, wakawa sawa, akasimama naye hapo kwenye manyunyu bila kusema kitu hadi Atupele aliporudi.